Majina 50,000 kwa siku: Kirusi kilichowakutanisha mahasimu

Oktoba 2025 wawakilishi wa serikali walikutana Hanoi, Vietnam, kutia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa mtandaoni. Kampuni kubwa za teknolojia zilikuwa zimeulalamikia mapema, zikidai unazipa serikali mwanya wa kuwapeleleza raia na unawaweka hatarini watafiti wa usalama. Mvutano huo kati ya wenye mamlaka na wenye mitambo si mgeni. Ulijitokeza waziwazi mwaka 2009, katika vita dhidi ya kirusi kilichoitwa Conficker.

Ushirikiano wa kulinda mitandao ulizaliwa na mshtuko. Novemba 1988, programu ya mwanafunzi Robert Morris ililemaza maelfu ya kompyuta Marekani, na muda mfupi baadaye Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kikafungua kituo cha dharura za kompyuta. Mwaka 1990 vituo vya aina hiyo viliunda umoja wao, FIRST. Mwaka 2001 ukaja Mkataba wa Budapest dhidi ya uhalifu wa mtandaoni.

Kisha kikaja Conficker. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu la Windows tarehe 23 Oktoba 2008, lakini wengi hawakulipakua. Kufikia Januari 2009 kirusi kilikuwa ndani ya mtandao wa jeshi la majini la Ufaransa, na baadhi ya ndege za kivita zikabaki chini kwa kukosa mipango ya safari.

Ujanja wake ulikuwa huu: kila siku kilitunga majina 250 ya kikoa, yaani anwani za intaneti, kisha kikayapitia kutafuta amri za bwana wake. Mhalifu alihitaji kusajili jina moja tu; walinzi iliwabidi wayazuie yote. Mark Bowden, katika kitabu chake *Worm* cha mwaka 2011, anasimulia jinsi Rick Wesson wa San Francisco alivyoanza kuyasajili kwa fedha za mfukoni mwake.

Tarehe 12 Februari 2009 juhudi hizo zikawa rasmi. Microsoft ilitangaza zawadi ya dola 250,000 kwa atakayesaidia kumnasa mhusika, na pamoja nayo muungano wa ICANN, inayosimamia mfumo wa majina ya intaneti, watafiti wa vyuo, na kampuni kama Symantec na F-Secure zilizokuwa zikigombania wateja walewale. Hata msajili wa majina wa China alikuwamo. Uongozi wa kikosi hicho ulishikwa na Rodney Joffe, mzaliwa wa Afrika Kusini.

Mhalifu hakulala. Machi likatoka toleo jipya la kirusi lililopangwa kutunga majina 50,000 kwa siku kuanzia Aprili 1, yakitawanywa katika vikoa zaidi ya 100, vingi vikiwa vya mataifa. Katika orodha hiyo mlikuwamo co.ke ya Kenya na co.ug ya Uganda. ICANN ikalazimika kuwasaka wasajili wa dunia nzima, wengine wakiwa na wafanyakazi wachache mno, na kuwaomba wayafunge majina yao kabla ya siku hiyo. Hakuna mkataba uliowalazimisha, na sehemu kubwa ya wasajili hao waliitikia. Historia ya usalama wa mtandao huandikwa kana kwamba ni ya Washington na Silicon Valley peke yake, na hilo ni kosa: mlango mmoja ulioachwa wazi Nairobi au Kampala ungetosha kumpitisha mhalifu.

Serikali zilikuwa wapi? Hapo ndipo penye ugomvi. Ripoti ya tathmini iliyotolewa mwaka 2011, ikigharimiwa na Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani yenyewe, iliyabeba manung'uniko ya wataalamu: kwamba serikali ilipokea taarifa bila kurudisha kitu. Mshiriki mmoja aliupima mchango wa serikali kuwa sifuri. Wizara nayo ilikuwa na la kuonyesha, kwani Machi 30 ilitangaza zana ya kukitambua kirusi hicho. Lakini siku mbili kabla ya Aprili 1 ni kuchelewa.

Siku yenyewe ilipita salama. Wiki moja baadaye kirusi kilitumia njia ya kompyuta kwa kompyuta na kusambaza programu bandia za ulinzi. Ripoti inakiri mambo mawili: mhalifu alizuiwa kulitumia jeshi lake lote la kompyuta zilizoambukizwa, lakini mamilioni ya kompyuta hayakusafishwa.

Yaliyofuata yanajulikana, likiwamo shambulio la WannaCry la 2017. Kwetu, Umoja wa Afrika ulipitisha Mkataba wa Malabo kuhusu usalama wa mtandao mwaka 2014, ukasubiri hadi Juni 2023 kuanza kutumika kwa sababu ulihitaji nchi 15 kuuridhia. Kati ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Rwanda pekee ndiyo iliyokuwa katika hizo 15. Ni aibu kwa ukanda ambako mama muuza mboga hulipwa kwa simu.

Vituo vya dharura za kompyuta tunavyo: Tanzania ina TZ-CERT, Kenya ina KE-CIRT. Vituo hivyo vinastahili fedha, na wataalamu wake wafahamiane kwa majina na wenzao wa mabenki, kampuni za simu na wasajili wa vikoa leo, kabla ya shambulio. Wasajili wa 2009 waliitikia kwa sababu kuna mtu aliyejua ampigie nani. Saini za Hanoi haziwezi kuifanya kazi hiyo kwa niaba yetu.