Mzaha katika Mageuzi ya Maendelezo ya Kiingereza

Kila mtu anayefanya kazi ya kuunda istilahi amepata kuchekwa. Neno hutoka katika kikao cha kamati likiwa limepimwa kwa uangalifu, nalo baada ya siku mbili tatu hurudi ofisini likiwa kichekesho. Swali linalomkabili mtu huyo si jinsi ya kuwanyamazisha wanaocheka, bali ni kujua wanacheka nini. Katika makala haya nitajaribu kulitazama swali hilo kwa kupitia historia ya watu wengine, yaani historia ya majaribio ya kurekebisha maendelezo, au tahajia, ya maneno ya Kiingereza, na hasa ya mapendekezo ya mzaha yaliyofuatana na majaribio hayo. Wafasiri na walimu wengi wanazijua taabu za maendelezo ya Kiingereza tangu walipokuwa darasani. Ambalo halijulikani sana ni kwamba mzaha ulikuwa silaha ya pande zote mbili: waliotaka mageuzi waliutumia, na waliopinga mageuzi wakautumia vilevile.

Chanzo cha tatizo

William Caxton alianzisha mtambo wake wa kupiga chapa huko Westminster mwaka 1476. Vitabu vilipoanza kuenea, namna ya kuendeleza maneno ikaanza kuganda, lakini matamshi hayakungoja. Irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa katika mabadiliko makubwa yaliyoendelea kwa karne kadhaa, na konsonanti nyingine zikanyamaza kabisa. Neno "knight" lina k na gh kwa sababu zamani zilitamkwa. Wanazuoni nao wakaongeza matata kwa kupenda Kilatini. Neno "debt" lilitiwa b ili limkumbushe msomaji asili yake ya Kilatini, na neno "island" likatiwa s ambayo haikupata kutamkwa katika neno hilo la Kiingereza hata siku moja. Hivyo maandishi ya Kiingereza yakawa kumbukumbu ya historia kuliko kuwa picha ya usemi.

Mzaha dhidi ya maendelezo ya zamani

Mzaha uliopata sifa kuliko yote ni ule wa neno "ghoti". Hoja yake ni hii: ukichukua gh kama ilivyo katika "enough", o kama ilivyo katika "women", na ti kama ilivyo katika "nation", basi "ghoti" litatamkwa sawasawa na "fish", yaani samaki. Watu wengi husema kwamba aliyebuni mzaha huo ni George Bernard Shaw. Kwa hakika unapatikana katika barua ya mwaka 1855, ambayo Charles Ollier alimwandikia Leigh Hunt, akaeleza kuwa ubunifu huo ni wa mwanawe William. Mwaka 1855 Shaw alikuwa hajazaliwa. Alizaliwa mwaka uliofuata.

Mzaha huo ni mzuri, lakini una hila ndani yake. Katika maneno ya Kiingereza gh haitamkwi f inapokuwa mwanzoni mwa neno, wala ti haitamkwi sh inapokuwa mwishoni. Msomaji wa Kiingereza hawezi kulisoma "ghoti" kuwa "fish" mpaka aelezwe. Maana yake ni kwamba hata maendelezo yale yanayoonekana kuwa vurugu tupu yana kanuni zake zilizofichika, na jicho la mzoefu linazijua ingawa mwenyewe hawezi kuzieleza.

Mholanzi mmoja, Gerard Nolst Trenité, aliifanya kazi hiyo kwa bidii zaidi. Mwaka 1920 alitoa shairi refu liitwalo "The Chaos", ambalo limekusanya mamia ya maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa herufi na kutofautiana kwa matamshi, au yanayotofautiana kwa herufi na kufanana kwa matamshi. Aliyahitaji hayo kwa wanafunzi wake waliokuwa wakijifunza lugha ya kigeni. Wenyeji wa lugha walicheka, kisha wakaendelea kuandika kama walivyozoea.

Mzaha dhidi ya mageuzi

Mageuzi yenyewe yalikuwa na watetezi wa heshima. Benjamin Franklin alibuni alfabeti mpya mwaka 1768 alipokuwa London. Aliziondoa herufi c, j, q, w, x na y, akaongeza nyingine sita za kwake. Rafiki yake Mary Stevenson alimjibu kwa barua iliyoandikwa katika alfabeti hiyohiyo, akamwambia kwamba haoni kuwa inafaa, kwani asili za maneno zitapotea. Ni nadra kwa mpango wa lugha kukataliwa kwa adabu kiasi hicho, na kwa kutumia chombo chenyewe kinachokataliwa.

Noah Webster alifanikiwa kwa sehemu. Kutokana na kamusi zake za mwaka 1806 na 1828, Wamarekani wanaandika "color" na "center" hadi leo. Lakini alipopendekeza "tung" badala ya "tongue", na "wimmen" badala ya "women", watu hawakumfuata. Tukiyapima mapendekezo hayo kwa masikio, yote yana haki sawa. Tofauti yake imo katika jicho: "color" ni neno lililepunguziwa herufi moja, lakini "wimmen" linafanana na maandishi ya mtu asiyejua kusoma.

Jambo hilo lilitiliwa nguvu na waandishi wa vichekesho wa Marekani katika karne ya 19. Henry Wheeler Shaw, ambaye si jamaa wa yule Shaw wa Ireland, aliandika kwa jina la Josh Billings. Inasimuliwa kwamba alitoa insha yake juu ya nyumbu kwa Kiingereza cha kawaida isisomwe na mtu. Akaigeuza maendelezo, akaiita "Essa on the Muel", na mara ikampatia umaarufu. Charles Farrar Browne, aliyejiita Artemus Ward, alitumia mbinu hiyohiyo. Wasomaji wa miaka ile walifundishwa na vitabu hivyo kuona kwamba neno lililoandikwa kama linavyotamkwa ni alama ya mshamba anayechekesha. Huo ulikuwa mzigo mzito kwa warekebishaji waliokuja baadaye.

Mzigo huo ulionekana mwaka 1906. Mwaka huo iliundwa Bodi ya Maendelezo Mepesi nchini Marekani, kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Bodi ikatoa orodha ya maneno 300, na mwezi wa Agosti Rais Theodore Roosevelt akamwagiza Mpigachapa wa Serikali aitumie katika hati za serikali. Mengi ya maneno hayo yalikuwa yamo katika kamusi tayari. Lakini magazeti hayakuyatazama hayo; yaliyatazama yale kama "thru" na "kist", yakafanya karamu. Gazeti moja liliandika jina la Rais mwenyewe kuwa "Rucevelt". Mwezi wa Desemba Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio la kutaka hati zifuate maendelezo ya kamusi zinazokubalika, na Rais akarudi nyuma. Mpango uliokuwa na wataalamu, fedha na amri ya mkuu wa nchi ulidumu miezi isiyotimia sita.

Mark Twain aliliona tatizo hili waziwazi kuliko wengi. Yeye aliunga mkono Bodi, na mwezi wa Septemba 1906 aliwasihi wakuu wa shirika la habari la Associated Press wayapokee maendelezo mapya. Lakini hakuacha kumtania Carnegie hadharani. Katika insha yake juu ya alfabeti nyepesi, iliyochapishwa baada ya kifo chake, alihesabu mapigo ya kalamu: "through" linahitaji mapigo 21, "thru" mapigo 12, na neno hilohilo katika alfabeti ya hati mkato mapigo matatu tu. Kisha akaliendeleza upya tamko mashuhuri la Macbeth wa Shakespeare, akaonyesha kwamba msisimko wake wote umetoweka. Hoja yake ilikuwa kwamba herufi za zamani zikipangwa kwa namna mpya huliudhi jicho, lakini herufi ngeni kabisa haziliudhi, kwa kuwa jicho halina mazoea nazo.

Shaw, yule aliyesingiziwa "ghoti", alikuwa na mawazo ya namna hiyo. Alipofariki mwaka 1950 aliacha wasia kwamba sehemu ya mali yake itumike kupata alfabeti mpya yenye herufi zisizopungua 40. Wasia huo ulifikishwa mahakamani, na baada ya mapatano zikapatikana pauni 8,300. Shindano likafanyika, na mwaka 1962 tamthilia yake "Androcles and the Lion" ikachapishwa katika alfabeti hiyo sambamba na ile ya kawaida. Kitabu kipo, wasomaji wa alfabeti yake ndio haba.

Nchini Uingereza suala hili lilifika Bungeni. Mwaka 1949 muswada wa mbunge Mont Follick wa kurekebisha maendelezo ulishindwa kwa kura 87 dhidi ya 84. Tofauti ilikuwa kura tatu tu, katika jambo ambalo watu wengi walidhani ni la kuchekesha.

Ngazi ya Dolton Edwards

Mzaha uliojengwa kwa ustadi kuliko yote ulitoka katika jarida la hadithi za kisayansi la Marekani, "Astounding Science Fiction", toleo la Septemba 1946. Mwandishi, Dolton Edwards, aliuita "Meihem in Ce Klasrum". Anapendekeza kwa sauti ya upole kwamba mageuzi yafanywe kidogokidogo, mwaka hata mwaka. Kwanza c iondolewe, kazi zake zichukuliwe na s na k. Baadaye, kwa vile c imekaa bure, irudishwe iwe badala ya th. Kila hatua inapotajwa, insha yenyewe inaanza kuifuata, hata mwishoni msomaji anajikuta katika msitu wa herufi asioutambua. Maandishi mengine ya namna hiyo yaliyoenea sana husemwa kuwa ni ya Mark Twain, ingawa hayamo katika maandiko yake yaliyothibitishwa.

Msomaji anayedhani kuwa haya ni maradhi ya Kiingereza peke yake na ajaribu ngazi hiyo katika lugha yetu. Katika Kiswahili Sanifu herufi c haina kazi ila inapofuatana na h. Basi mwaka wa kwanza tuiache ifanye kazi hiyo peke yake. Herufi x haina kazi kabisa; mwaka wa pili ichukue nafasi ya sh. Mwaka wa tatu q nayo ipewe ng', tuokoe alama mbili. Hakuna hatua hata moja isiyo na hoja: tumeokoa wino, karatasi na muda wa mpigachapa. Sasa tuandike: "Mwalimu wa xule alicukua caki akacora qombe." Matamshi hayakubadilika hata kidogo, lakini ni nani atakayekubali kufundisha hivyo?

Tulichoepuka si kwa sababu ya ubora wa herufi zetu peke yake, bali kwa sababu ya wakati. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha maendelezo ya Kiswahili katika hati za Kirumi kabla wasomaji hawajawa mamilioni. Waingereza walianza kubishana wakati macho ya taifa zima yalikwisha zoea. Kawaida ni kama sheria.

Fundisho kwa kazi yetu

Historia hii yaonyesha kuwa vicheko ni vya aina mbili. Kuna kicheko cha ugeni, ambacho hakina hoja ila kwamba jambo halijazoeleka. Hicho hupoa kwa matumizi. Maneno "ikulu", "bunge" na "kitivo" yaliingia katika Kiswahili kutoka lugha nyingine za Tanzania, na leo hakuna anayecheka akiyasikia. Kuna pia kicheko cha kasoro, ambacho kinaonyesha kwamba neno linagongana na jingine au linaleta maana isiyokusudiwa. Lilipopendekezwa "ngamizi" kwa kutaja kompyuta, ilikuwa rahisi mno kwa msikilizaji kusikia "angamiza" ndani yake. Kicheko hicho kilikuwa na habari ya kutupa, na neno "kompyuta" ndilo lililokubalika.

Kosa la Bodi ya mwaka 1906 halikuwa kuchekwa. Lilikuwa kuleta maneno 300 kwa amri na kwa siku moja, mbele ya macho yaliyokwisha fundishwa kucheka, bila ya kuwa na shule wala magazeti ya kutosha upande wake. Gazeti la Chicago Tribune lilijaribu baadaye kwa uvumilivu zaidi: tangu mwaka 1934 lilitumia maendelezo mepesi, na kwa miaka mingi likaandika "tho" na "thru". Mwaka 1975 likakata tamaa, kwa kuwa walimu madarasani waliendelea kufundisha vingine. Miaka 41 ya gazeti kubwa haikuweza kushindana na ubao wa mwalimu.

Kwa hiyo, istilahi inaporudi kwetu ikiwa imevishwa mzaha, hatuna budi kuipokea na kuuliza maswali mawili. Je, wanacheka kwa kuwa ni ngeni, au kwa kuwa ina kasoro? Na je, mwalimu amekwisha kuipata kabla ya mwandishi wa vichekesho? Ikiwa ina kasoro, na irudi kamatini bila ya aibu. Ikiwa ni ngeni tu, na ipelekwe shuleni, iachwe ifanye kazi.