Waliofungiwa Mlango wa Nyumba Yao: Ahmad Kamal na Elimu ya Misri ya Kale



Huenda ukauliza: Muislamu ana haja gani na mawe ya Firauni? Firauni alitakabari, akadai uungu, akawatesa wana wa Israili, na mwisho wake twaujua. Masanamu ya wafalme kama yeye yatatufaa nini sisi tunaomwabudu Mungu Mmoja? Swali hili si geni, na jawabu yake walikwisha kutupa wanazuoni wetu wenyewe.

Mwishoni mwa karne ya 12, tabibu na mwanachuoni Abdul-Latif al-Baghdadi alikwenda Misri, akasomesha katika Al-Azhar. Aliyatazama mapiramidi, na ile sanamu kubwa ya Giza yenye kiwiliwili cha simba na uso wa mtu. Akastaajabu jinsi fundi alivyolinganisha pua, macho na mdomo katika uso mkubwa namna ile. Imani yake haikupungua hata chembe. Aliandika kwamba mabaki hayo yafaa kuhifadhiwa, kwani yanatunza taarikhi, yanashuhudia khabari za kaumu zilizotajwa katika Qur'ani, na ni mawaidha kwa mwenye kuona. Akawalaumu wanaoyavunja kwa tamaa ya dhahabu. Katika zama zake, mwaka 1196, mtawala Al-Aziz Uthman, mwana wa Salahuddin, alishawishiwa aibomoe piramidi ndogo katika zile tatu za Giza. Watu walihangaika kwa miezi minane, wakashindwa, wakaacha kovu linaloonekana mpaka leo.

Lakini ilimu ikiachwa na mwenyewe, huokotwa na mwingine. Mwaka 1822 Mfaransa Champollion alipata ufunguo wa kusoma maandishi ya kale ya Misri, na tangu hapo hamu ya mambo ya Misri ikaenea Ulaya. London, katika miaka ya 1830, tabibu mmoja jina lake Pettigrew alikuwa akizifungua sanda za maiti za Kimisri mbele ya hadhara, huku akihutubia. Mwaka 1834 watu walijazana hata Askofu Mkuu wa Canterbury akakosa nafasi, akarudi alikotoka. Maiti ya mwanadamu ikawa tamasha! Si wote waliokuwa hivyo. Bibi Amelia Edwards, Mwingereza aliyeshiriki mwaka 1882 kuunda chama cha kuchimba na kuhifadhi mabaki ya Misri, alizunguka miji ya Marekani mwaka 1889 na 1890 akitoa mihadhara ya maana juu ya sanaa na maisha ya watu wa kale. Hata hivyo mihadhara hii yote ilisomwa mbali na Misri, kwa lugha asiyoijua mkulima wa Nile aliyelima juu ya makaburi hayo.

Je, Wamisri wenyewe hawakutaka kujua? Walitaka. Mwaka 1869 ilifunguliwa Cairo skuli ndogo ya kufundisha lugha ya kale ya Misri, chini ya mwalimu wa Kijerumani, Heinrich Brugsch. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana wa Kiislamu, Ahmad Kamal, aliyezaliwa mwaka 1851. Lakini mkuu wa mambo ya kale wakati huo, Mfaransa Mariette, aliogopa kwamba vijana hawa wakihitimu watashika kazi za wageni. Akakataza wasiachiwe kunakili maandishi yaliyokuwamo katika makumbusho. Tazama ajabu hii, ndugu yangu: mtoto wa nyumba anakatazwa kusoma yaliyoandikwa ukutani kwao! Haikupita miaka mingi skuli ikafungwa, na wanafunzi wakatawanyika.

Ahmad Kamal hakukata tamaa. Alifanya kazi nyingine, akasubiri. Mariette alipofariki mwaka 1881, Kamal akapata kuingia katika makumbusho akiwa katibu na mkalimani. Mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa waliokwenda Deir el-Bahari, ambako maiti zaidi ya 40 zilitolewa katika shimo la siri, na kati yao Seti wa Kwanza na Ramses wa Pili. Wafalme walioogopwa na dunia walipakiwa katika jahazi kama shehena, wakapelekwa Cairo. Huyo ndiye aliyesema hakuna mkubwa kuliko yeye!

Chuo Kikuu cha Misri kilipofunguliwa mwaka 1908, Ahmad Kamal alisimama kutoa mihadhara juu ya ustaarabu wa kale wa Misri, naye alisomesha kwa Kiarabu. Elimu iliyokuwa ikizunguka London na Marekani sasa ilirudi nyumbani, ikasemwa kwa lugha ya wenyewe.

Na elimu hiyo ina mazingatio. Chukua michoro yao. Fundi wa Misri aliuchora uso kwa ubavu, jicho akalichora zima kama linalotazama mbele, na mabega akayaelekeza kwa mbele, ili kila kiungo kijulikane. Alipiga kwanza mistari ya miraba ukutani, na mtu aliyesimama akapimwa miraba 18 tangu nyayo mpaka kwenye paji la uso. Ufundi ulioje! Lakini tazama tena: mfalme amechorwa jitu, na mtumishi wake hafiki hata magotini pake. Cheo ndicho kilichokuwa kimo. Sisi tunaosimama safu moja, bega kwa bega, tajiri na maskini, tukiitazama picha hiyo twapata kuijua neema tuliyopewa. Asiyeiona dhulma ilivyochorwa huenda asiitambue inapomrudia kwa sura nyingine.

Kamal alistaafu mwaka 1914, na miaka yake ya mwisho aliitumia katika kamusi ya lugha ya kale, majuzuu 22. Alifariki mwaka 1923, kabla kamusi yake haijachapwa. Lakini mbegu ilikwisha kuota. Mwanafunzi wake Selim Hassan alichimba Giza tangu mwaka 1929, akaandika juu ya Misri ya kale kwa Kiarabu majuzuu mengi. Na baada ya mapinduzi ya mwaka 1952, idara ya mambo ya kale, iliyokuwa chini ya Wafaransa tangu mwaka 1858, ikaongozwa na Wamisri.

Ndugu zangu, Qur'ani Tukufu yatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia. Wala kutazama si kuabudu. Anayelitazama sanamu kwa kulitukuza amepotea, na anayelivunja kwa kutafuta dhahabu amedhulumu. Mwenye kulisoma akajua nani alilichonga, kwa amri ya nani, na mwisho wao ukawaje, huyo ndiye aliyepata mazingatio. Basi tusiwaachie wengine watusomee khabari za waliopita, kisha watuuzie. Tuwasomeshe watoto wetu, wa kiume na wa kike, kwa lugha wanayoifahamu, na wakifungiwa mlango tuwafundishe subira ya Ahmad Kamal.

Wabillahi tawfiq.