Programu za Kutazama Mitandao ya Kijamii kwa Siri: Usalama, Sheria na Maadili

Katika maduka ya Kariakoo, stetasi ya WhatsApp na ukurasa wa Instagram vimekuwa sehemu ya duka. Mfanyabiashara akifungua mzigo mpya wa viatu, vitenge au simu, huupiga picha, huandika bei na kuuweka mtandaoni kabla haujapangwa rafuni. Mteja aliyepo Magogoni, Kigamboni au mkoani huagiza na kulipa kwa simu bila kufika dukani.

Stetasi na stori hudumu kwa saa 24, na katika kipindi hicho mwenye akaunti huoneshwa orodha ya waliozitazama. Orodha hiyo ndiyo iliyozaa soko la programu tumishi na tovuti zinazoahidi kumwezesha mtu kutazama bila jina lake kuonekana. Wanaozitumia wana sababu tofauti: mfanyabiashara anayetaka kujua bei za mwenzake, mzazi mwenye wasiwasi juu ya mwanawe, wachumba walioachana, na hata tapeli anayetafuta wa kumwibia. Makala haya yanaeleza namna huduma hizo zinavyofanya kazi, hatari zake na msimamo wa sheria za nchi.

Namna zinavyofanya kazi

Huduma hizi zimegawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni tovuti zinazomtaka mtumiaji aandike jina la akaunti anayotaka kuitazama. Seva ya tovuti huichukua stori hiyo kwa kutumia akaunti zake yenyewe, kisha humwonesha mtumiaji. Njia hii huweza kufikia akaunti zilizo wazi kwa umma pekee. Tovuti inayodai kufungua akaunti ya faragha, hasa ikiomba malipo au kumtaka mtu apakue kitu kwanza, ichukuliwe kuwa ni mtego.

Kundi la pili ni programu zinazomtaka mtumiaji aingize jina na nywila ya akaunti yake. Kundi la tatu ni matoleo ya WhatsApp yaliyobadilishwa na watu wasio wamiliki wake, kama vile GBWhatsApp na FMWhatsApp. Matoleo hayo huficha tiki za buluu, huficha jina la aliyetazama stetasi na kuonesha ujumbe uliokwishafutwa. Hayapatikani katika Play Store. Hupakuliwa kutoka tovuti mbalimbali au kurushwa kutoka simu moja hadi nyingine, hivyo hakuna anayewajibika kwa kilichomo ndani yake.

Hatari kwa mtumiaji

Novemba 2015, Apple na Google ziliiondoa katika maduka yao programu iliyoitwa InstaAgent, iliyoahidi kumwonesha mtumiaji watu waliotembelea ukurasa wake wa Instagram. Ilibainika kuwa ilikuwa ikituma majina na nywila za watumiaji kwenye seva ya nje. Agosti 2021, kampuni ya usalama wa mtandao ya Kaspersky ilieleza kuwa toleo mojawapo la FMWhatsApp lilibeba kirusi kiitwacho Triada, chenye uwezo wa kupakua programu nyingine hatari na kumwandikisha mwenye simu katika huduma za kulipia bila ridhaa yake. Oktoba 2022, kampuni ya Meta ilitangaza kubaini programu zaidi ya 400 zilizotengenezwa kuiba taarifa za kuingilia Facebook.

Hivyo, anayetaka kutazama bila kuonekana ndiye anayeweza kuwa wa kwanza kutazamwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kwa mfanyabiashara, hasara haiishii kwenye picha. Akaunti iliyotekwa ina majina ya wateja, oda zao na mazungumzo ya malipo. Ujumbe wa kitapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” umezoeleka na wengi huupuuza unapotoka namba ngeni. Ukitoka katika akaunti ya muuzaji anayeaminika, mteja hana sababu ya kuutilia shaka. Aidha, WhatsApp huwafungia kwa muda watumiaji wa matoleo yaliyobadilishwa, na asiyerejea kwenye toleo rasmi huweza kufungiwa moja kwa moja.

Msimamo wa sheria

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake binafsi. Kutazama picha iliyowekwa wazi kwa umma si kosa kwa yenyewe. Kosa huanza pale mtu anapoingia mahali asiporuhusiwa.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya manufaa yaliyopatikana, kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote kwa pamoja. Kutumia nywila ya mtu mwingine, au kuiunganisha WhatsApp yake na kifaa chako kwa siri, humweka mtu katika hatari ya kushtakiwa hata kama wahusika ni ndugu au wapenzi. Sheria hiyo inakataza pia kutumia jina la mtu mwingine na kumsumbua au kumtisha mtu kwa njia ya mtandao.

Kwa upande wake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawabana wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Upande wa maadili

Bei iliyobandikwa barazani husomwa na kila mpita njia, na mfanyabiashara anayeitazama hamdhulumu mwenzake. Hali ni tofauti kwa picha ya familia iliyowekwa kwa ajili ya watu wachache. Aliyeiweka alikubali kutazamwa na watu anaowajua, na orodha ya watazamaji humsaidia kutambua anayemfuatilia kupita kiasi. Kuificha orodha hiyo humnyima nafasi ya kujilinda, na wanaoumia zaidi ni wanaofuatiliwa na wenza wa zamani, pamoja na watoto.

Njia salama

Anayetaka utulivu hahitaji programu ya pembeni. Katika WhatsApp rasmi, sehemu ya faragha ndani ya mipangilio humruhusu mtumiaji kuzima taarifa za kusomwa. Akizizima, hataonekana katika orodha ya waliotazama stetasi, naye hatawaona waliotazama yake. Mwenye kuweka stetasi anaweza kuchagua watakaoiona, na mwenye akaunti ya Instagram anaweza kuifanya ya faragha.

Aliyekwisha kutumia programu hizo anashauriwa kuchukua hatua zifuatazo:

- Kuondoa programu hiyo na kurejea kwenye toleo rasmi.
- Kubadili nywila kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama.
- Kukagua vifaa vilivyounganishwa na kuvitoa asivyovitambua.
- Kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, na kutompa mtu yeyote msimbo wa tarakimu sita unaotumwa kwa ujumbe mfupi.
- Kuwapigia wateja na ndugu kuwatahadharisha wasitume fedha endapo akaunti imetekwa.

Namba inayotumika kwa utapeli iripotiwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Aliyeibiwa fedha au akaunti atoe taarifa katika kituo cha Polisi kilicho karibu akiwa na picha za ujumbe aliotumiwa na namba iliyohusika. Malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya taarifa binafsi yawasilishwe kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.