Kiungo
Neno kiungo, lizaliwalo na kitenzi unga, wahenga walilitumia mwilini, penye goti na kiwiko, na jikoni, penye bizari na iliki. Kisha watangazaji wa kandanda wakampa mchezaji wa katikati, na mafundi wa intaneti wakaliita kwalo kila neno ambalo, likibonyezwa, humchukua msomaji kwenye waraka mwingine. Matumizi haya ya mwisho nayaona yamestahiki kuliko yote, kwani hapo ndipo fikra huungwa na fikra: Niklas Luhmann, mwanazuoni wa elimu ya jamii wa Bielefeld, Ujerumani, aliyefariki mwaka 1998, aliacha makasha yenye vikaratasi takriban 90,000, kila kimoja na nambari yake, na ndani yake zimeandikwa nambari za vikaratasi vingine, hata fikra moja ikaita nyingine pasi na kufungwa na mpangilio wa mada. Leo mtu hufanya vivyo hivyo kwa faili za maandishi matupu, ambazo programu yoyote ya kuandikia huzisoma: hutia jina la faili ya pili baina ya mabano ya mraba mawili mawili, na programu zinazoitambua alama hiyo hulifanya kiungo. Wako wapendao kusema linki, nami siwagombezi. Lakini linki haina ukoo, ilhali mwenye kiungo anapata pia kuunga, kuungana na kuunganisha.