Ukumbi wa Kaloleni

Vijiji vya kale vya Uingereza vilikua vikizunguka kanisa. Waliochora ramani ya Kaloleni, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, miaka ya 1940, walifuata mpango unaokaribiana na huo, ila katikati ya mtaa hawakuweka mnara wa kengele bali ukumbi wa jamii. Wenyeji waliubandika jina la House of Commons, bunge la London, na ukumbi ukalistahili.

Kaloleni haikufanana na mitaa iliyoitangulia. Kariokor, kwa mfano, ilianza kama mabweni ya wanaume. Mwafrika mjini alihesabiwa kuwa mpita njia: apewe kitanda, afanye kazi, kisha arudi kwao. Kaloleni ilikusudiwa familia. Mateka wa Kiitaliano wa Vita vya Pili vya Dunia walitiwa katika ujenzi wake, na kazi ile ingali inaonekana: kuta za mawe, mapaa ya vigae vyekundu, nyumba ndogo zilizopangwa kuzunguka viwanja vya wazi badala ya kufuatana kama mabehewa. Hapo manispaa ilikubali kwamba mtoto wa Kiafrika anaweza kulelewa Nairobi.

Ukumbi wenyewe ulitarajiwa kuwa wa burudani na ustawi wa jamii. Wakazi walikuwa na mazungumzo mengine.

Jumapili, tarehe 23 Aprili 1950, hata mwezi haujaisha tangu Nairobi ipewe hadhi ya jiji huku vyama vya wafanyakazi vikisusia sherehe, chama cha Kenya African Union (KAU) na chama cha Wahindi cha East African Indian National Congress vilikutana humo. Makhan Singh, katibu mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akatoa hoja: India, Pakistani, Ceylon na Burma zimepata uhuru, basi Afrika Mashariki nayo ipewe wake, sasa hivi. Tuipime kauli hiyo kwa wakati wake. Viongozi wengi walikuwa bado wanadai viti zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria. Hapa Mhindi, mbele ya Waafrika na Wahindi waliokaa pamoja, katika mtaa uliojengwa kwa sheria za ubaguzi, alitaka serikali ya kikoloni iondoke. Hoja ikapita.

Tarehe 15 Mei, Singh na Fred Kubai, rais wa muungano huo, walikamatwa. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi waligoma, na mgomo ukaendelea zaidi ya wiki moja licha ya polisi na mabomu ya kutoa machozi. Singh alizuiliwa mpaka Oktoba 1961. Kosa lake kubwa lilikuwa kuyasema mapema yale ambayo wote waliyashangilia mwaka 1963, na bado naona Kenya haijamlipa heshima inayomfaa.

Baada ya uhuru, Barabara ya Donholm inayopita ubavuni mwa mtaa ikawa Jogoo Road. Sasa mitaa ya zamani ya jiji inabomolewa kupisha maghorofa. Nyumba za Pangani zimeshakwenda. Nyumba mpya zinahitajika, hilo halina ubishi. Lakini mchoraji yeyote atakayetumwa Kaloleni aanze kwa kuuzungushia ukumbi huu mstari usiovukwa, na mlangoni pawekwe kibao chenye jina la Makhan Singh na tarehe ile ya Aprili.