Mgeni Aliyepewa Jembe: Jiko la Wamisionari Mlimani Kilimanjaro

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro methali hiyo ilitimia kama ilivyo. Wageni kutoka Ulaya walifika na Biblia, dawa na mahema, mamangi, yaani watawala wa Wachagga, wakawapa viwanja, na wageni wakashika jembe. Kabla ya kuhubiri walipaswa kula, na cha kula kilikuwa mikononi mwa wenyeji.

Historia ya misheni katika mkoa huu tumezoea kuisoma kwa tarehe za ubatizo, majina ya maaskofu na picha za makanisa ya mawe. Mimi naamini ina mlango mwingine, mlango wa jikoni. Ukiingilia huko unaona jambo ambalo vitabu vingi vimelipita haraka: kabla misheni haijaulisha mlima neno lake, mlima ulikuwa umeilisha misheni.

Shuka na shanga

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na Waanglikana wa Uingereza, aliiona theluji ya Kilimanjaro akiwa safarini kutoka Rabai, nyuma ya Mombasa. Alikuwa na wapagazi wachache na mwavuli wake. Huko Kilema alipokewa na Mangi Masaki.

Safari zilizofuata zilimfikisha Machame kwa Mangi Mamkinga, na hapo akajifunza bei ya kuwa mgeni. Mwaka 1849 alikuwa na nia ya kupita Machame hadi Unyamwezi, bara, lakini zawadi alizodaiwa zilimaliza karibu mali yake yote. Msafiri wa zama hizo hakuwa na fedha mfukoni. Shuka na shanga ndizo zilizonunua chakula cha wapagazi kutoka kijiji hadi kijiji, na zikiisha, safari nayo imeisha. Rebmann alirudi pwani akiwa mgonjwa, bila kuiona Unyamwezi.

Ilipita miaka mingi kabla ya wamisionari kuja kukaa. Waanglikana walianza Moshi, kwa Mangi Rindi, mwaka 1885, wakaondoka mwaka 1892 baada ya vita kati ya Wajerumani na Mangi Meli, mtoto wa Rindi. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walifungua misheni ya Kilema mwaka 1891 chini ya Mangi Fumba. Mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig walifika Machame wakitokea Mombasa kwa miguu, safari ya takriban kilometa 300, wakapokewa na Mangi Shangali. Kutoka hapo walikwenda Mamba mwaka 1894, kisha Kidia, Old Moshi, mwaka 1896.

Kihamba na bustani

Fikiria hesabu ya mama wa nyumba katika kituo kimojawapo cha misheni hizo. Unga wa ngano, sukari na chumvi vilipaswa kubebwa kichwani kutoka pwani. Kila kilo ililipiwa mara mbili, kwanza dukani, kisha kwa mgongo wa mpagazi. Hali hiyo ilikwisha kabisa reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, mji ukahamia chini kwenye tambarare, na ule wa zamani juu mlimani ukabaki na jina la Old Moshi.

Nje ya uzio wa misheni, hata hivyo, njaa haikuwa jambo la kawaida. Kihamba cha Mchagga, shamba linaloizunguka nyumba, kilikuwa ghala lililo hai. Juu ilisimama migomba, chini yake magimbi, maharage na viazi vikuu, na ng'ombe alifungiwa ndani akiletewa majani. Maji yaliteremka kutoka msituni kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa na kutunzwa na koo kwa zamu. Ulezi ulilimwa kwa ajili ya mbege, pombe ya ndizi. Wanawake walibeba mazao hadi sokoni, na kila soko lilikuwa na siku zake, hivyo mwenye ndizi alijua akutane wapi na mwenye maziwa au magadi.

Misheni ikaingia katika mpangilio huo. Ilinunua ndizi, maziwa, mayai na maharage kwa wanawake hao hao, na kwenye kiwanja chake ikapanda mbegu za Ulaya. Hali ya hewa ya juu ya meta 1,000, yenye ubaridi na mvua ya kutosha, ilifaa kabichi, karoti na viazi mviringo. Leo akina mama wanaouza kabichi katika masoko ya mlimani hawaihesabu kuwa mboga ya kigeni. Imeshakuwa ya nyumbani, sawa na mahindi ambayo nayo yalivuka bahari.

Katika nyumba zilizozunguka misheni, ndizi mshare zilipikwa na nyama zikawa machalari, au na maharage yaliyolainishwa kwa magadi zikawa kiburu. Mtori, ule uji mzito wa ndizi na nyama, alipikiwa kwanza mama aliyejifungua. Mzazi wa Kichagga alikaa ndani kwa miezi mitatu hivi, akilishwa vinono na kulindwa na wanawake wa ukoo. Wake wa wamisionari nao walijifungua kwenye mlima huu, mbali na mama zao na shangazi zao, katika nchi ambayo kila jirani alijua namna ya kumtunza mzazi.

Mikono isiyoandikwa

Ndani ya jiko la misheni kulikuwa na badiliko ambalo ni rahisi kulipuuza. Katika nyumba ya Mchagga mafiga ni ya mama. Katika nyumba ya Mzungu wa zama za ukoloni, mpishi kwa kawaida alikuwa mwanamume. Vijana waliokaa kituoni kusoma walifanya kazi pia: kuchota maji, kupasua kuni, kulima bustani. Baadhi walijifunza kupika vyakula ambavyo mama zao hawakuwahi kuviona, wakapika kwa kuni zile zile na maji ya mfongo ule ule.

Somo lilikwenda pande zote mbili. Mmisionari aliyejifunza Kichagga alihitaji mwalimu wa kila siku, na mwalimu huyo hakuwa mangi peke yake. Alikuwa pia kijana aliyeleta maziwa asubuhi na yaya aliyembembeleza mtoto. Mwaka 1909 mmisionari Johannes Raum alichapisha kitabu cha sarufi ya Kichagga cha Moshi. Mwanawe Otto, aliyezaliwa mwaka 1903, alikulia miongoni mwa Wachagga na mwaka 1940 akatoa kitabu kizima juu ya malezi ya watoto wao, michezo, kazi na mafunzo ya nyumbani. Utafiti wa namna hiyo hauanzii maktabani. Huanzia utotoni, karibu na moto, unaposikia watu wanavyosemezana.

Mmisionari mwenzake Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kufanya kazi Kidia kwa miaka mingi, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kinene juu ya sheria za Wachagga. Alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ndizo nguzo ambazo kanisa lilipaswa kujengwa juu yake, si kuzibomoa. Unaweza kupingana naye katika mengi, lakini alikuwa ameona jambo la kweli: huku mlimani mtu hali peke yake.

Vita vilipofunga bahari

Mwaka 1914 vita vilianza Ulaya na Waingereza wakafunga bahari ya koloni la Wajerumani. Unga, sukari na dawa za kutoka ng'ambo vikakatika. Kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, kikageuka kiwanda cha vitu mbadala, kikitengeneza hadi dawa ya malaria na sabuni. Familia za wamisionari sasa zilitegemea shamba na jirani kuliko wakati mwingine wowote.

Machi 1916 majeshi ya Uingereza yaliiteka Moshi. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walifukuzwa nchini, Gutmann akiwa mmoja wao; yeye alirudi mwaka 1925. Katika pengo hilo, hata Walutheri wa Marekani walipokuja kusaidia, mzigo wa kila siku ulibebwa na walimu wa Kichagga. Wao ndio waliofundisha, walioongoza ibada na waliozika. Kanisa halikufa, na ushahidi mkubwa zaidi wa kwamba lilikuwa limeshakuwa la wenyeji ni miaka hiyo ambayo nyumba ya mmisionari haikuwa na mwenyewe.

Kutoka uani hadi ushirika

Zao moja lilitoka kwenye bustani za misheni likabadili mkoa mzima. Mwishoni mwa karne ya 19 mapadre wa Kilema walipanda kahawa ya arabika, na hao wanatajwa kuwa chanzo cha kahawa ya Kilimanjaro. Wachagga waliichukua wakaipanda chini ya migomba yao, mahali ambapo kivuli kilikuwa tayari na mbolea ya ng'ombe ilikuwa karibu. Mwaka 1925, Joseph Merinyo wa Old Moshi akiwa mmoja wa viongozi, walianzisha chama cha wakulima wa kahawa, na katika miaka ya 1930 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao. Kahawa iliyoingia kama kitu cha mezani pa wageni ikawa ada ya shule, bati la nyumba na nauli ya watoto kwenda chuo.

Familia za wageni ziliendelea kuja. Hospitali ya KCMC ilipokuwa ikijengwa, shule ya kimataifa ilifunguliwa Moshi mwaka 1969 ili watoto wa watumishi wake wapate pa kusoma, na hospitali ikafunguliwa mwaka 1971. Wageni hao walikuta mji wenye maduka na soko kubwa, si msafara wa wapagazi. Lakini hata wao walifundishwa na mama wa sokoni ndizi ipi ni ya kupika na ipi ni ya kula mbivu.

Kilimanjaro mnyama akichinjwa, kila fungu lina mwenyewe. Wazee wanajua kidari ni cha nani na mguu ni wa nani, na kumsahau mwenye fungu lake ni kumvunjia heshima mbele ya ukoo. Historia ya misheni tumekwisha kuichinja na kuigawa. Maaskofu wamepata lao, waandishi wa vitabu wamepata lao, mamangi wamepata lao. Mpishi, yaya, mchota maji na mama aliyeleta ndizi bado wamesimama uani.

Kidia, Machame, Mamba na Kilema wapo wajukuu wanaoweza kutaja nani alipika katika nyumba gani na alilipwa nini. Wazee wanaokumbuka wanapungua kila mwaka. Sharika na parokia ziwaketishe, ziwasikilize na kuandika majina hayo, kabla fungu halijakosa wa kulipokea.