Kelele, Punje au Chenga: Asili ya Dhana Moja ya Upigaji Picha

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wafasiri wa vitabu vya kamera ni ile ya vidoadoa vinavyotapakaa katika picha ya dijiti iliyopigwa penye mwanga hafifu. Waingereza huvitaja kwa neno lile lile walitumialo kwa makelele ya sokoni. Hivyo wafasiri wetu aghalabu huandika "kelele", na wengine "uchafu". Kabla ya kuchagua, yafaa tutazame dhana hii ilikotoka.

Ilitoka sikioni. Mwaka 1918, huko Berlin, mwanafizikia Walter Schottky alieleza kwamba mkondo wa umeme katika vali za redio hauendi mfululizo kama maji ya mferejini, bali hupita elektroni moja moja pasipo mpango, mara nyingi zaidi, mara chache zaidi. Mwaka 1928 John Johnson na Harry Nyquist, wa maabara za Bell nchini Marekani, wakaeleza badiliko jingine la namna hiyo, liletwalo na joto la waya wenyewe. Wahandisi wa simu na redio waliyasikia hayo kama mvumo, ndipo neno kelele likashika.

Lakini Schottky hakuliita jambo lake kelele. Aliliita Schroteffekt, na Schrot kwa Kijerumani ni marisau ya bunduki, tena ni nafaka iliyopaazwa. Waingereza walichukua marisau. Sisi hatukatazwi kuchukua nafaka, maana neno tunalo: chenga. Na kwa kweli watazamaji wa televisheni walikwisha kulitumia, bila kungoja kamati yoyote, kila antena ilipokosa mawimbi na kioo kikajaa vidoa vyeupe.

Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith, wa maabara zile zile za Bell, walibuni kihisi kinachogeuza nuru kuwa chaji za umeme. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak aliunda kamera yenye nukta 100 kwa 100, iliyohitaji sekunde 23 kuandika picha moja katika kaseti. Picha ikaacha kuwa fedha juu ya filamu. Punje, basi, ni neno la filamu na libaki huko, kwani filamu ilikuwa na punje za fedha hasa, na kadiri ilivyokuwa nyepesi kushika nuru, punje zake ziliongezeka ukubwa. Katika kihisi kilichokatika vipande ni nuru yenyewe. Nukta inayopokea fotoni 10,000 kwa wastani hupungukiwa au huzidishiwa kiasi cha 100, yaani asilimia 1. Mwanga ukishuka hadi fotoni 100, tofauti huwa kiasi cha 10, nayo ni asilimia 10. Kamera isiyo na kasoro hata moja ingetoa chenga gizani.

Hapa ndipo "uchafu" unapodhuru. Kilicho kichafu hufutwa. Mwanafunzi aliyefundishwa neno hilo huikimbilia programu ya kulainisha picha, ikamwondolea chenga pamoja na nywele na nyuzi za kitambaa. Au huilaumu tarakimu ya ISO, ilhali kuipandisha aghalabu ni kukuza tu ishara iliyokwisha kupokewa. Haiongezi fotoni hata moja. Dawa ni nuru: kupanua tundu la lenzi, au kurefusha muda wa kuipokea, kamera ikiwa imetulia juu ya miguu mitatu. Wanajimu wa darubini hupoza kihisi ili kupunguza chenga za joto, kisha hupiga picha nyingi za nyota zile zile na kutafuta wastani wake. Picha 16 hupunguza chenga hadi robo.

Tunapendekeza kelele ibaki kwa simu na redio, na chenga litumike kwa picha. Wako watakaosema kwamba chenga ni za mpira wa miguu. Lakini hatujapata kumwona mpishi aliyechanganyikiwa kwa sababu hiyo. Taabu iliyosalia ni ya mwalimu wa fizikia, ambaye hufundisha vali na kihisi kwa kanuni moja, naye ana haki ya kudai neno moja. Kwake twaona "uwiano wa ishara na chenga" utafaa pote pawili, kwani Schottky naye alianza na nafaka.